Tumelipia matembezi ya historia ya wachoraji St Ives, tukaishia kuzungushwa madukani!

Wakuu habari zenu, huu uzi nauandika nina hasira na sipunguzi neno. Kuna kampuni inauza matembezi ya kuongozwa kule St Ives, Cornwall, ule mji mdogo wa wavuvi kusini magharibi mwa Uingereza uliokuja kuwa makao ya wachoraji na wachongaji. Tangazo lao linasema saa mbili za historia, watu wasiozidi 12, mnapita studio za Porthmeor, kaburi la mchoraji Alfred Wallis, mnaingia bustani ya mchongaji Barbara Hepworth na mnapewa habari za karakana ya ufinyanzi ya Bernard Leach. Mke wangu kazi za Hepworth anazipenda toka zamani, tukalipa pauni 25 kila mtu.

Kwanza watu tulikuwa kama 30. Kundi lote likasukumiziwa kwenye kichochoro kinaitwa The Digey, pale wawili wakipishana na mizigo lazima mmoja abane ukutani, muongozaji yuko mbele kabisa anaongea na upepo wa bahari unabeba sauti yote, sisi wa nyuma tunaona mdomo unachezacheza tu. Bibi mmoja mkazi wa pale kasimama na mifuko yake anasubiri tumalize ndo aingie kwake, na jamaa wala hakugeuka kumwambia samahani mama. Watu wanaishi pale jamani! Huu ndo mji ambao 2016 wakazi walipiga kura na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kuzuia nyumba mpya zisiuzwe kwa watu wa kuja likizo tu, maana wenyeji walishaanza kukosa pa kuishi. Mtu unayeingiza wageni mitaa ile kila siku hilo ndo la kwanza kuwaambia, lakini hakuligusa kabisa.

Haya, aliongea nini sasa? Staa gani wa runinga alipanga nyumba ipi, aiskrimu nzuri inauzwa wapi, shakwe wanavyokwapua chakula mkononi. Halafu akatuingiza kwenye duka moja la picha, mwenye duka anamwita kwa jina wanacheka wanapiga stori, sisi tunaambiwa anayetaka kununua karibu. Nusu saa nzima humo ndani, kwenye matembezi ya saa mbili!

Ila kilichoniuma hasa ni Wallis. Kwa wasiomjua, huyu mzee alikuwa baharia na mvuvi, baadaye akawa ananunua na kuuza vyuma chakavu na makorokoro ya melini, hakusomea kuchora popote. Mkewe akafariki 1922, miaka michache baadaye akaanza kuchora akiwa na miaka kama 70, ili tu apunguze upweke, anatumia rangi za kupakia mashua, juu ya vipande vya maboksi ambavyo hata pembe hazijanyooka, na umbo la kipande ndo linaamua meli ikae vipi. Mwaka 1928 wachoraji Ben Nicholson na Christopher Wood wakapita nje ya nyumba yake mlango uko wazi wakaona picha zimegongomelewa misumari ukutani, na hapo uchoraji wao wenyewe ukabadilika. Huyu mzee alifariki 1942 kwenye nyumba ya maskini kule Madron, picha zake ziliuzwa kwa shilingi chache tu enzi za uhai wake. Sasa niambie, unaongoza watu kwenye historia ya sanaa ya St Ives halafu unamruka Wallis, umebakiza nini?

Na makaburi ya Barnoon yako pale pale juu ya ufukwe wa Porthmeor, tulipita chini yake tukiwa tunaenda kwenye lile duka! Nikamuuliza, kaka, kaburi la Wallis si lipo hapa juu, tangazo limesema tutafika. Akajibu kuna mlima kidogo na wengine wamechoka. Hakuna aliyekuwa amelalamika kuchoka. Baadaye tukapanda wenyewe na mke wangu, ni mwendo mfupi tu, tukalikuta. Limefunikwa vigae alivyotengeneza Bernard Leach, vimechorwa mnara mkubwa wa taa za meli na chini yake kijitu kidogo na mkongojo wake kinataka kuingia mlangoni. Tulisimama pale muda mrefu bila kuongea. Hicho ndo nilicholipia na ndo nilichonyimwa.

Habari ya Leach nayo. Jamaa alinyoosha kidole tu upande wa mlimani akasema kule kuna ufinyanzi ulianzishwa na Leach 1920, basi. Nikamwambia mbona mfinyanzi Hamada Shoji humtaji, alikuja naye kutoka Japani, walianzisha pamoja na wakajenga tanuri la Kijapani linalojengwa likipanda mteremko. Akasema eti ndiyo alikuwepo msaidizi fulani. Msaidizi?? Mtu ambaye aliporudi kwao alikuja kutangazwa na serikali ya Japani kuwa hazina hai ya taifa 1955, leo anaitwa msaidizi fulani na mtu anayelipwa kueleza historia! Hapa nilipandisha sauti na sijutii.

Studio za Porthmeor tuliziona kwa nje, dakika mbili za kupiga picha. Na pale ndo pa kumweleza mtu kwa nini wachoraji walikuja mji ule, uvuvi wa sadini ulivyodorora maghala ya nyavu na matanga yakabaki matupu, reli ilishafika toka 1877, kodi rahisi, madirisha makubwa yanapokea mwanga wa bahari. Mpaka leo wavuvi wako chini na nyavu zao, wachoraji juu. Hakuna neno.

Kwa Hepworth tukafika getini akasema anayetaka kuingia akate tiketi yake, muda wetu umeisha kwaherini. Tangazo limeandika MNAINGIA. Mke wangu alinyong'onyea mpaka nikamwonea huruma. Tukalipa tena tukaingia, sanamu zimesimama kati ya miti vile vile alivyozipanga mwenyewe, karakana ina patasi zake na mawe hayajamalizwa kuchongwa tangu alipofariki kwa moto humo humo 1975. Saa moja tu humo ilizidi yote tuliyoyapata kwa yule jamaa.

Nimewaandikia kampuni. Wamejibu muongozaji ana ruhusa kubadili njia kutokana na hali ya hewa (jua lilikuwa linawaka siku nzima!) na wamenipa punguzo la asilimia 10 nikienda tena. Sitaki punguzo, nataka hela yangu. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya 2015 iko wazi, maelezo ya huduma uliyoyategemea wakati unanunua ni sehemu ya mkataba, na wasipoyatimiza warudie kazi au wapunguze bei, hata bei yote ikibidi. Nimewarudishia barua na kifungu chenyewe, nimewapa siku 14.

Mnaoenda huko msilipie hadi muulize kwa maandishi kundi ni la watu wangapi na kama tiketi ya Hepworth imo ndani ya bei. Na aliyewahi kudai kupitia benki kwa malipo ya kadi ya kawaida (siyo ya mkopo) anielekeze hapa walimtaka vithibitisho gani, skrinshoti ya tangazo na risiti zote ninazo.