Wenye Corvette za matoleo maalumu huko Marekani, tupeane uzoefu

MzeeWaDayton: Wakuu, jana nimekutana na tangazo la Corvette ya 1978, gari la michezo la Chevrolet, ile Pace Car (toleo la gari la kuongoza mbio) nyeusi juu, fedha chini, na mstari mwekundu katikati. Stika zake za milangoni hazijawahi kubandikwa, ziko vilevile zilivyotoka kiwandani. Nikashindwa kulala! Mimi ninayo ndugu yake, Silver Anniversary ya mwaka huohuo, fedha ya aina mbili, hafifu juu na iliyokoza chini. Zote zilitoka Corvette ilipotimiza miaka 25. Pace Car zilitengenezwa 6,502, hizi za fedha kama yangu zaidi ya 15,000, basi kila nikifika kwenye maonyesho naambiwa ya kwangu ni ya kawaida. Wenye nazo semeni. Mnaendesha au mnafunika turubai? Stika mmebandika?

Chuma63: Endesha mzee wangu. Ila kama ni suala la kukusanya, tuanzie kwenye Corvette Sting Ray ya 1963. Kioo cha nyuma kimegawanywa na uti wa bodi, mwaka mmoja tu, 1964 haupo tena. Duntov, mhandisi wa Corvette, aliupinga kwa sababu unamziba dereva asione nyuma, Bill Mitchell, mkuu wa wabunifu wa GM, akang'ang'ania umbo lake libaki. Hakuna Corvette nyingine yenye mgongo ule.

BintiTangaTX: Kaka Chuma, adimu kwa hesabu gani? Za 1963 zenye paa la kudumu, ndizo zenye kioo hicho, zilipita 10,000. Pace Car hazifiki 7,000.

Chuma63: Dada, idadi si kila kitu. Pace Car walizinunua watu waliodhani zitawatajirisha, wakazifungia gereji toka siku ya kwanza. Ndiyo maana mpaka leo zinaibuka zikiwa mpya na bei haipandi kama walivyotarajia. Za 1963 zilitumika, zikagongwa, zikakatwa. Kuna wamiliki waliong'oa ule uti wenyewe ili waone nyuma. Iliyobaki nzima ndiyo imekuwa lulu.

BintiTangaTX: Hapo kwenye waliong'oa nimekuelewa. Lakini ya fedha usiidharau, mzee wa watu kauliza kwa adabu.

NyotaYaPemba: Mimi niko Mustang ya Ford. Hamjachelewa kuhamia.

Chuma63: Mustang ni gari zuri la familia. Tuendelee.

NyotaYaPemba: La familia?! Tutaonana.

MamaWawiliKC: Nilikuwa nasoma kimya, ila swali la kuendesha au kufunika limenigusa. Yetu ni Pace Car, stika zote zimebandikwa. Aliyetuuzia alijivunia kwamba hata mipira ya mafuta ni ileile ya kiwandani, majaji wa maonyesho wanapenda vitu vya asili. Kiangazi tulikuwa tunakwenda kwenye mkusanyiko wa Corvette, tumetoa vioo vya paa, watoto tumewaacha kwa shangazi yao. Taa nyekundu ikatusimamisha, nikasikia harufu ya petroli. Mume wangu akasema ni gari la mbele. Taa ilipowaka kijani, moshi ukatoka pembeni ya boneti, kisha rangi nyeusi ikaanza kuvimba mapovu mbele ya macho yetu. Tukaruka nje. Mume wangu anataka kufungua boneti, dereva wa lori nyuma yetu akapiga kelele asifungue, moto utapata hewa. Yule baba akashuka na mtungi wake wa kuzimia moto, boneti ikainuliwa kidole kimoja tu, akapuliza kupitia ule upenyo. Faiba ya bodi ikiungua inanuka vibaya sana, na moshi wake unakaba koo. Zimamoto walipofika moto ulishazima, ila boneti imekwisha, nyaya zimeyeyuka. Mpira wa mafuta ulipasuka karibu na klipu. Petroli za siku hizi zina ethanoli, na mipira ya zamani haikutengenezewa hiyo. Kilichotuokoa ni bima ya thamani tuliyokubaliana mapema. Bima ya kawaida ingelihesabu kama gari kuukuu tu.

BintiTangaTX: Pole sana mama. Mungu awape wepesi, na huyo baba wa lori abarikiwe.

MzeeWaDayton: Poleni mno. Kesho nabadilisha mipira yote, majaji wakate alama wanazotaka.

FundiWaBara: Nunueni mtungi wa unga, uwe miguuni kwa abiria. Unaua moto haraka.

Chuma63: Unga unakula aluminiamu na kuingia kila tundu. Chukua wa gesi safi.

FundiWaBara: Gari likiungua hiyo aluminiamu utaikuta wapi?

NyotaYaPemba: Dawa ni kumwaga petroli yote na kulipaki sebuleni.

Chuma63: Hata ndani hakuna usalama. Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya makumbusho ya Corvette pale Bowling Green, Kentucky, ikameza magari nane, mojawapo Corvette ya milioni moja kutengenezwa. Matatu ndiyo yaliyotengenezwa tena. Kwa hiyo endesheni.

KilindiniBoy: Nina mjomba Maryland ana ya 1982 Collector Edition, ile ya kioo cha nyuma kinachofunguka. Naweza kuileta Mombasa?

FundiWaBara: Hapana mdogo wangu. Usukani uko kushoto, umri umepita ukomo wa miaka 8. Kenya haitaisajili. Corvette ya usukani wa kulia kutoka kiwandani imeanza na C8 tu, yaani kizazi cha nane.

SafariMichigan: Shikamooni wakubwa. Jumamosi nakwenda kuangalia Pace Car huku kwetu. Nianzie wapi?

MzeeWaDayton: Marahaba. Anza na namba ya chesisi, inasomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Tarakimu sita za mwisho za Pace Car halisi zinaanza na 9. Zikianza na 4, ni Corvette ya kawaida iliyopakwa rangi.

BintiTangaTX: Washa taa za mbele. Zinanyanyuliwa kwa mvuto wa hewa. Moja ikichelewa kuamka, mipira yake inavuja mahali.

MamaWawiliKC: Na kabla ya kuiwasha, nusa.

FundiWaBara: Bodi ni faiba haishiki kutu, lakini chesisi na fremu ya kioo cha mbele ni chuma. Imekaa Michigan maisha yake yote?

SafariMichigan: Ndiyo, mkuu.

FundiWaBara: Huko wanamwaga chumvi barabarani majira ya baridi. Nenda na tochi na nyundo ndogo, ulale chini, ugonge chesisi kuanzia mbele ya tairi za nyuma. Ikitoa sauti ya chuma kilichooza, rudi nyumbani na hela yako.