Hospitali inasema picha za CT-Scan ya mama ni mali yao. Hii ni sawa kweli?

Binti wa Mji Kasoro Bahari:
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu amekutwa na uvimbe kwenye figo ya kushoto. CT-Scan alipigwa hospitali moja ya binafsi Dar (jina sitaji, bado anatibiwa pale). Tulipewa ripoti ya ukurasa mmoja na filamu mbili kwenye bahasha ya kaki. Tunataka maoni ya daktari wa pili, yuko Chennai, ndiye aliyemtibu jirani yetu. Tukaishika filamu dirishani, mdogo wangu akaipiga kwa simu, tukatuma WhatsApp. Daktari kajibu haimsaidii, anataka picha zenyewe za DICOM, tena zote.

Nikarudi hospitali. Mapokezi wakanituma masjala, masjala wakanirudisha radiolojia, na kijana wa pale akaniambia: "Picha ni mali ya hospitali, haki ya mgonjwa ni ripoti. Kama huko wanazitaka, wampige nyingine." Nyingine! Hii yenyewe ukoo mzima tulichangishana.

Sheria inasemaje? Na hiyo DICOM ni kitu gani, nisije nikaenda tena kudai nisichokijua?

Mzee wa Mionzi:
Pole na mama, binti yangu. Kazi ya kupiga picha nimeifanya tangu enzi za kuosha filamu kwenye chumba cha giza, mpaka sasa tunasoma kila kitu kwenye skrini.

CT-Scan ya tumbo hutoa mamia ya vipande, kama mkate uliokatwa slesi. Filamu unayopewa ni ile ya inchi 14 kwa 17 yenye vijipicha vilivyochaguliwa na mtu, vikachapwa kwa mwanga mmoja tu. DICOM ndiyo vipande vyote kama vilivyotoka kwenye mashine. Daktari akiwa navyo anapima ukubwa wa uvimbe kwa milimita, anabadilisha mwanga aone mfupa au nyama, anafuata mshipa wa figo kipande kwa kipande. Kwa daktari wa upasuaji anayetaka kujua kama sehemu ya figo inaweza kuokolewa, hapo ndipo penye jibu. Ripoti ni macho ya mtu mmoja, na maoni ya pili maana yake ni macho mengine.

Kuhusu "wampige nyingine", kauli hiyo inaniudhi. CT-Scan ya tumbo inakadiriwa kuwa na mionzi ya milisivati 8 hivi. Mionzi ya asili anayopata binadamu ni wastani wa 2.4 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mama atabebeshwa tena mionzi ya miaka mitatu, pamoja na dawa ya kontrasti (ile ya kufanya viungo vionekane vizuri kwenye picha) inayopita kwenye figo hizohizo, kisa mtu hataki kuchoma CD! Kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Usiende tena kuomba kwa mdomo. Mama aandike barua na kusaini yeye, maana taarifa ni zake, si zako. Akutaje wewe kuwa mchukuaji, aambatanishe nakala ya kitambulisho cha NIDA, aweke namba ya faili na tarehe ya kipimo. Maneno yawe haya: "Naomba nakala ya picha zote za kipimo hiki katika mfumo wa DICOM." Ukisema "naomba picha" tu, utapewa filamu nyingine. Peleka kwa mganga mfawidhi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na usichelewe, seva zikijaa kuna hospitali zinafuta vipimo vya zamani.

Kichwa Ngumu:
Mimi nipo upande wa hospitali. Mashine yao, umeme wao, mtaalamu wao. Ulilipia huduma, hukununua mashine. Picha inakuwaje yako?

Msomi wa Sinza:
Kichwa Ngumu, hoja yako ilishafika mahakamani kwa wenzetu. Mahakama ya Juu ya Canada mwaka 1992, kesi ya McInerney dhidi ya MacDonald, ilisema makaratasi ni ya daktari, lakini mgonjwa ana haki ya kuyaona na kupewa nakala. Haitufungi sisi, ila inaonyesha kwamba ugomvi wa "mali ya nani" hauna haja. Seva wabaki nayo. Binti anaomba nakala.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti, na mhusika ana haki ya kupata taarifa zake kwa anayezishikilia. Wakigoma, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Itaje sheria kwenye barua, kwa adabu. Mara nyingi inatosha.

Jirani wa Likoni:
Huku Kenya kanuni za ulinzi wa data za 2021 zinasema ombi kama hilo lijibiwe ndani ya siku 7, tena bila malipo. Lakini ukifika kaunta bado utaambiwa ulipie CD. Sheria ni nzuri, kaunta ina sheria zake.

Binti wa Mji Kasoro Bahari:
Asanteni sana, barua mama anaisaini kesho. Mzee, laptop yangu haina pa kuingizia CD, na pale hawakubali flashi, wanasema virusi. Kuna jamaa wa steshenari hapa mtaani ana mashine ya zamani, anaweza kunihamishia?

Mzee wa Mionzi:
Anaweza, ila kaa pembeni yake. Ahamishe CD nzima kama ilivyo, pamoja na faili linaloitwa DICOMDIR, asichague "picha zinazoonekana" akaacha mengine. Mengi hayana jina la kueleweka na atakwambia ni takataka. Kisha libane folda lote liwe faili moja la zip, mtumie daktari kiungo cha Google Drive, maana WhatsApp si njia nzuri kwa mzigo huo. Kabla hujaondoka hakikisha jamaa amefuta nakala kwenye mashine yake, na pipa la taka amelimwaga. Jina la mama na umri wake vimo mle ndani.