Joe Burrow atamaliza mechi zote 17 msimu ujao? Nataka kununua tiketi za msimu mzima

Baba Zuhura (Covington, Kentucky)

Habari zenu wadau. Naombeni mnisaidie kufikiri, maana hela hii nimeidunduliza kwa zamu za usiku ghalani na nina mpaka mwisho wa mwezi kuamua.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko hapa Covington mwaka wa nane sasa. Ng'ambo ya mto Ohio ndiyo Cincinnati, na uwanja wa timu ya Bengals unauona ukisimama ukingoni kwetu. Binti yangu Zuhura ana miaka 11. Mpira wa Kimarekani amekua nao, na yeye ndiye mwalimu wangu. Ndiye aliyenieleza kwamba kwotabeki hupokea mpira kila shambulizi linapoanza, kisha ana sekunde mbili au tatu za kuamua aurushe kwa nani, huku majitu ya kilo 130 yakimjia. Jezi yake ni namba 9, ya Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals. Anailalia.

Tarehe 14 Septemba 2025 nilimpeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, mechi dhidi ya Jacksonville. Robo ya pili Burrow akaangushwa, akainuka anachechemea, mguu wa kushoto haukanyagi sawasawa. Akaingia ndani, hakurudi. Zuhura hakulia. Alinishika mkono akasema, "Baba, mwaka huu tena?" Timu ilishinda siku ile 31 kwa 27, watu wakaimba, lakini sisi wawili tulivuka daraja la Roebling kwa miguu bila kusemezana. Baadaye tukaambiwa ni kano za kidole gumba cha mguu, anahitaji upasuaji.

Nimekaa nikahesabu. Msimu wa 2020 alicheza mechi 10, goti likaenda. Wa 2021 mechi 16, wa 2022 mechi 16. Wa 2023 mechi 10, kifundo cha mkono. Wa 2024 zote 17. Wa 2025 mechi 8. Ukijumlisha ni 77, na katika miaka hiyo sita timu imecheza mechi 100 za ligi bila kuhesabu mtoano. Misimu mitatu kamaliza au karibu amalize, misimu mitatu imekatika katikati. Ni kama kurusha shilingi.

Linaloniuma zaidi ni wenzangu kazini kumwita kioo. Wanasema mwili wake ni dhaifu, basi. Neno hilo nalijua. Mwaka 2009 nilivunjika mguu nikichezea timu ya mtaani, nikarudi, nikaumia bega, na tangu hapo kila nikikosa mazoezi hata kwa malaria, jibu lilikuwa "yule wa pancha yule". Niliacha mpira nikiwa na miaka 23 kwa sababu ya neno hilo kuliko kwa sababu ya mguu.

Sasa nauliza kwa moyo mmoja: mtu aliyeumia mara nyingi hivi anaweza kumaliza msimu? Au nimpeleke mtoto mechi mbili tatu za mwanzo tu, kabla mabaya hayajatokea?

---

Fizio wa Kisauni (Columbus, Ohio)

Baba Zuhura, pole kwa safari ile ya darajani. Mimi ni msaidizi wa tiba ya viungo, nafanya kazi na watu waliopasuliwa magoti na mabega, wengi wao wa kawaida tu, si wanamichezo. Nitakwambia ninavyoona.

Kwanza tutenganishe majeraha. Kuna mwili unaojivunja wenyewe: mtu anakimbia peke yake, msuli wa nyuma ya paja unakatika, anapona, unakatika tena palepale. Huyo ndiye ninayemwogopea. Halafu kuna mtu anayeumizwa na watu.

Mtazame Burrow. Novemba 2020, pale Washington, anarusha mpira, mguu wa kushoto umekita chini, anagongwa na mabeki wawili, mmoja anaangukia goti. ACL na MCL, kano mbili zinazolishika goti, zote zikaenda. Goti la nani lingehimili? Novemba 2023 Baltimore, aliangushwa akaegemea mkono wa kulia, akarusha tachidauni, yaani mpira wa kufunga, kwa mkono huohuo, kisha pembeni mwa uwanja akashindwa hata kuushika mpira. Ligamenti ilikuwa imechanika. Na cha 2025 ulikiona kwa macho yako. Goti la kushoto, kifundo cha kulia, kidole cha kushoto. Hakuna kiungo kilichorudia. Goti lile lililofumuliwa halijamsumbua tena hadi kumtoa kwenye mechi, na kwa kazi yangu hilo ni jambo kubwa mno.

Jeraha pekee lililomjia bila kuguswa na mtu ni la shavu la mguu, Julai 2023 mazoezini. Hilo lilimharibia mwanzo wa msimu, mechi ya kwanza kule Cleveland alipata yadi 82 tu na wakafungwa 24 kwa 3. Kuna na kidole tumbo cha Julai 2022, ila kidole tumbo kinampata hata imamu.

Kwa hiyo neno kioo mimi silikubali. Wewe uliyevunjika mguu halafu ukaumia bega, uliambiwa na nani kwamba mfupa wa mguu unajua habari za bega? Walikuonea.

---

Mzee wa Mbagala (Houston, Texas)

Dada hapo juu ameeleza vizuri na namheshimu, lakini mimi nina wasiwasi na sitauficha.

Ndugu yangu Baba Zuhura, mwili unaweza kupona na bado mtu akaisha. Nilikuwa namfuata Andrew Luck, kwotabeki wa Indianapolis. Alichaguliwa wa kwanza mwaka 2012, timu zilipoteua vijana wa vyuoni, kijana mwenye akili na kifua. Wakamwacha apigwe. Mwaka 2015 figo ilichanika. Bega likamkosesha msimu mzima wa 2017. Akarudi 2018, akacheza mechi zote 16, akarusha tachidauni 39, sote tukasema yamekwisha. Agosti 2019 akatangaza kuacha mpira akiwa na miaka 29. Hakuvunjika siku hiyo. Alichoka kuumia, kupona, kuumia, kupona.

Burrow naye atafika miaka 30 Desemba hii. Na Desemba iliyopita mwenyewe alizungumza na waandishi kuhusu kufurahia mchezo, kwamba akitaka kuendelea lazima aupate ule moyo wa kuufurahia. Niliposikia hayo nilimkumbuka Luck, nikazima televisheni.

Mkataba wa dola milioni 275 haumlindi mtu na uchovu wa namna hiyo. Mimi ningenunua mechi za Septemba na Oktoba, basi.

---

Kijana wa Ilala (Dar es Salaam)

Samahani wakubwa, mimi naangalia usiku wa manane huku na bado najifunza. Kama mtu mmoja ndiye timu nzima, na amelipwa hela zote hizo, kwa nini hawamlindi? Si kuna watu kazi yao ni hiyo tu?

---

Baba Zuhura (Covington, Kentucky)

Kijana, umegusa penyewe, hilo swali linaninyima usingizi.

Wapo watano wanaosimama mbele yake, tuwaite safu ya mbele. Kazi yao ni kuwazuia wale majitu. Msimu wa 2020 Burrow aliangushwa na mpira mkononi mara 32 katika mechi 10 tu, mpaka goti likaenda. Ungetegemea mwaka uliofuata wafanye kila njia kuziba. Kwenye uteuzi wa wachezaji wa 2021 walikuwa na nafasi ya tano. Penei Sewell, mlinzi mkubwa kabisa, bado alikuwapo. Wakamchukua Ja'Marr Chase, mpokea mipira aliyecheza na Burrow chuoni LSU. Chase ni mchezaji wa ajabu, siwezi kumsema vibaya mbele ya Zuhura. Lakini Sewell akaenda Detroit na ni ngome mpaka leo.

Msimu huo Burrow aliangushwa mara 51 kwenye ligi. Kwenye mtoano mara 19 zaidi. Mechi moja tu, ile ya Tennessee, mara 9, na bado wakashinda 19 kwa 16! Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, mara 7, wakafungwa na Rams 23 kwa 20. Jumla 70 kwa msimu mmoja. Mtu aliyetoka kupasuliwa goti mwaka uliotangulia! Na wenzangu ghalani wanasema ni dhaifu.

Baadaye walijaribu. Walisajili walinzi watatu wapya 2022, wakamleta Orlando Brown 2023, wakamteua Amarius Mims raundi ya kwanza 2024. Hata hivyo mwaka huo wa 2024, aliomaliza mechi zote na kurusha yadi 4,918 na tachidauni 43, aliangushwa mara 48. Yaani alipona kwa neema. Nami nikiona mtu amepona kwa neema mara moja, sijui kama ninunue tiketi nikitegemea neema ileile.

Mzee wangu wa Mbagala, habari ya Luck imenigusa. Sikuijua yote. Nimeisoma mara mbili.

---

Fizio wa Kisauni (Columbus, Ohio)

Nami nina mfano, kwa heshima ya mzee wetu. Matthew Stafford, kwotabeki mwingine. Alichaguliwa wa kwanza 2009 na Detroit. Msimu wa kwanza mechi 10. Wa pili mechi 3 tu, bega. Kila mtu alisema huyu basi. Kuanzia 2011 akaanza mechi 136 za ligi mfululizo, hadi Novemba 2019 mgongo ulipomkamata. Na Agosti 2025, ana miaka 37, alikosa karibu kambi yote kwa sababu ya diski ya mgongo, watu wakamzika. Akacheza mechi zote 17 na kurusha tachidauni 46.

Kingine anachoweza kukifanya Burrow mwenyewe ni kuuachia mpira mapema. Anaung'ang'ania, akisubiri Chase afunguke mbali. Ndiyo uzuri wake, na humo ndimo anamoumia. Tom Brady, naye kwotabeki, alikatwa ACL mechi ya kwanza ya 2008, na baada ya hapo hakukosa mechi hata moja kwa jeraha mpaka anastaafu na miaka 45. Alikuwa hakai na mpira.

---

Mzee wa Mbagala (Houston, Texas)

Stafford nakubali, ni mfano mzito. Lakini kuna jambo hatujaligusa: nyasi. Uwanja wa Cincinnati ni nyasi bandia, na kidole kile ndicho kinachoumia sana kwenye nyasi bandia, kiatu kinanasa mguu unapinda. Mechi nane tisa kwa mwaka anacheza palepale. Hilo halibadiliki kwa kumwambia aachie mpira mapema.

---

Baba Zuhura (Covington, Kentucky)

Hilo nililifikiria mzee wangu, nikaliangalia. Goti liliumia kule Washington, nyasi za kweli. Kifundo Baltimore, nyasi za kweli. Kidole pekee ndicho cha hapa kwetu. Siwatetei wenye uwanja, ningependa waweke nyasi hai hata kesho, lakini siwezi kuubebesha uwanja mzigo wote.

Nikwambieni kilichonipa jibu. Baada ya upasuaji tuliambiwa miezi mitatu. Mechi tisa alizokosa, timu ilishinda moja. Moja! Ilipofika hapo sote tulijua msimu umekufa, na wengi tukasema apumzike mpaka mwaka ujao, kwa nini ahatarishe mguu. Tarehe 27 Novemba, usiku wa sikukuu yao ya Shukrani, akarudi. Baltimore, uwanja uleule uliomvunja kifundo. Mke wangu alikuwa amepika pilau, tukala kwenye mkeka mbele ya televisheni. Wakashinda 32 kwa 14. Mtu aliyechoka kama Luck harudi kwenye msimu uliokufa. Huo ndio mtazamo wangu, mzee, naweza kukosea, lakini nilimtazama usoni usiku ule.

Kwa hiyo naamini mwili unaweza. Moyo nao naamini. Nisiouamini bado ni ukuta.

Jana nilimweleza Zuhura yote mliyoandika, pamoja na ya Luck, sikumficha. Akanyamaza, kisha akaniuliza Mims ana namba gani. Nikamwambia 71. Akasema basi tuchukue viti vya juu nyuma ya milingoti, kwa sababu ukikaa pembeni unaona mpira unakokwenda, ila ukikaa nyuma unawaona wale watano wanavyosimama na nani amepitwa. Anataka kuwaangalia wao msimu huu.

Nimelipia. Viti viwili, msimu mzima, upande wa nyuma. Atakayekuwa Cincinnati siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani anijulishe, tuvuke daraja pamoja.