Mdogo wangu anauzisha bangi Colorado, jimbo imemupa ruhusa. Je, uraia atapata?

DadaHimbi (Goma)
Bandugu jambo yenu, niko na swali, musinicheke. Mdogo wangu alibaki kambini Nakivale, Uganda, miaka mingi mpaka akapata bahati ya kwenda Marekani 2021, sasa iko Aurora, Colorado. Kwanza alikuwa anakata nyama ku kiwanda, vidole vinavimba mpaka hawezi kushika kikombe, sasa miezi saba ameacha, anauzisha ku duka ya bangi. Ndiyo, bangi! Anasema kule haina shida, jimbo yenyewe imemupa karte ya kazi yenye picha yake, amenitumia foto. Juzi Jumapili tulimupigia video na mama, mama akaona jani kubwa ku shati yake, akauliza "mbona umevaa sombe (majani ya muhogo)?" na huyu mpumbavu akacheka akamuambia ukweli. Tangu ile siku mama hagusi pesa yake, dola 150 za mwisho ziko mu bahasha ndani ya Biblia. Mama atatulia, namujua. Mimi ninaogopa kitu ingine, hii ruhusa ni ya kweli ama siku moja watamurudisha? Grin kadi (karte ya kukaa kule daima) iko nayo, na miaka tano ya kuomba uraia njo inafika.

TotoYaKadutu
Dada kama mama hataki ile bahasha mimi niko na M-Pesa hahaha. Mutulie, Marekani waliruhusu bangi zamani, hata bazee wanavuta kule.

KakaDenver
Toto usidanganye watu. Si Marekani iliruhusu, ni majimbo, na mtego uko hapo hapo. Hapa Colorado watu walipiga kura mwaka 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Ukiwa na miaka 21 unaingia, wanaangalia kitambulisho ku mlango, unanunua kwa kipimo, unaenda kuvutia kwako, maana barabarani ni kosa na ku uwanja wa ndege wa Denver usiingie nayo. Hata miji haifanani, Colorado Springs walikataa haya maduka miaka na miaka mpaka kura ya 2024. Na ukivuka na gari kuingia Kansas, jimbo la jirani lenye linakataza bangi, kile kipakiti ulicholipia kodi kinakuwa kosa la polisi. Serikali kuu iko na sheria yake ya 1970 ya kukataza bangi, haikufutwa na kura ya Colorado. Sasa dada, uraia unatolewa na nani? Si Colorado. Ni serikali kuu.

MkalimaniBkv
KakaDenver amegusa penyewe. Nimetafsiria wakimbizi kule Kentucky miaka sita na hii mambo ya bangi njo inaumiza watu wazuri, wenye hawajawahi hata kulala kasho (jela). Aprili 2019 USCIS, wale wa uhamiaji, waliandika wazi kwamba hata kama jimbo inaruhusu, mtu anayefanya kazi ku biashara ya bangi wanaweza kusema hana tabia njema, na ukikosa tabia njema ndani ya ile miaka tano uraia wanakunyima. Si lazima ukamatwe. Si lazima uvute. Anajaza fomu, anaandika mahali alifanya kazi, ofisa anasoma jina la duka, basi. Na kuna kitu wengi hawajui: asisafiri. Najua mama anataka kumuona, lakini akitoka na grin kadi halafu wakati wa kurudi ofisa amuulize unafanya kazi gani, anaweza kukwama pale pale ku airport. Ndani ya nchi hakuna mtu atakuja kumugongea mlango kesho, mimi sikuona hiyo, lakini usimuambie eti ni sawa.

MzeeBirere
Munashangaa Colorado, angalieni ngambo hapa. Rwanda tangu 2021 makampuni yenye leseni yanaweza kulima bangi ya dawa, ya kuuza inje tu, lakini wewe jaribu kupita petite barrière (mpaka wa Goma na Gisenyi) na msokoto mmoja mfukoni uone. Na huku kwetu Congo imekatazwa kabisa, mtoto wa jirani yangu alilala kasho siku nne kwa kipande kidogo kama kiberiti, baba yake akauzisha mbuzi mbili ndiyo akatoka, na risiti hakupewa.

DadaHimbi (Goma)
Mzee pole kwa mbuzi. Mkalimani umenitia baridi. Nimemuandikia mdogo wangu jana usiku, ananiambia rafiki zake kule wanasema kama fomu inauliza anafanya kazi wapi, aandike tu "duka ya maua". Hii si uongo?

KakaDenver
Ni uongo na ni mubaya kuliko ile bangi!! Ukidanganya ku fomu ya uraia wanaweza kukunyang'anya hata baada ya kuupata. Asijaze kitu kwanza. Aende kwa avoka (mwanasheria) wa uhamiaji, si rafiki, si pasta, si mimi. Wale waliompokea alipofika wanajua mavoka wa bei ndogo ao wa bure. Amuambie yote, miezi yote saba, na amuulize kama aache kazi sasa na angoje muda gani kabla ya kuomba. Grin kadi haina haraka, uraia unaweza kungoja.

MkalimaniBkv
Naunga mkono. Na zile foto za duka atoe ku Facebook.

DadaHimbi (Goma)
Aksanti sana bandugu. Amepata randevu na avoka Alhamisi, na ku kiwanda ya nyama wamemuambia nafasi yake ya usiku bado iko. Hana furaha, vidole ni vyake. Nimemusomea mama majibu yenu yote, akanyamaza, akaniuliza kitu moja tu: na ile shati, ameitupa?