Huyu muuza makoti ana laana ya ziwa: eti "hilo ni la barafu, bosi, wewe umelitia kwenye maji"

Boti_Bila_Breki (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka. Naandika bado natiririka, simu nimeifunga kwenye nailoni, mkiona herufi zimeruka mvumilie.

Yule jamaa. Simtaji, mnamjua. Yule wa makoti ya mtumba, anayevaa kofia ya manyoya saa saba mchana, jua la Mwanza linachoma mpaka Jiwe la Bismarck linatoa jasho, yeye kajifunga masikio. Anayemwita kila mtu "bosi wangu wa damu". Huyo huyo. Leo kanifanyia kitu ambacho hata adui wa ukoo hakifanyi.

Sisi wa dagaa mnatujua. Giza likiingia tunatoka, taa za sola zinawashwa, mnakaa mnasubiri dagaa wajae kwenye mwanga. Hapo ndipo upepo wa kutoka Ukerewe unakuingia mbavuni kama riba ya mkopo, hauulizi umekula au hujala. Nguo zimelowa tangu mvuto wa kwanza wa nyavu. Ukivaa koti zito, boya la kuvaa, yaani jaketi okozi, halifungi juu yake. Ukivaa boya juu ya fulana, ikifika saa tisa usiku meno yanapiga ngoma mpaka nahodha anauliza ni injini gani hiyo. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kinipe joto, na nikitumbukia kiniweke juu.

Jamaa akaniambia ninacho. Akatoa koti jekundu na jeusi, zito, limejaa mifuko mpaka kwenye kwapa. "Bosi wangu wa damu, hili limetoka Ufini. Kule wanakaa juu ya ziwa lililoganda, wanatoboa tundu, wanavua. Barafu ikipasuka, mwenye hili haendi chini." Akanionyesha lebo: picha ya samaki anachomoka kwenye tundu. Akatia mkono mfukoni akatoa ndoano ndogo yenye kutu. "Ona, mwenyewe kaisahau." Sasa mimi ni nani nibishane na ndoano? Nikatoa 85,000. Taslimu.

Nikalijaribu mwaloni, maji ya kifua, wenzangu wanashuhudia, kina mama wanaoanika dagaa wameacha kazi. Nikalala chali. Likaelea! Watu wakapiga makofi. Nikaanza kupunga mkono kama mgombea. Halafu koti likaanza kunywa. Wakuu, koti linakunywa! Mikono ikajaa, mgongo ukajaa, kola ikanipanda mpaka puani. Nimetolewa na nusu ya ziwa mgongoni, Uganda na Kenya wapime maji yao leo, hayatoshi.

Lakini uzi huu si wa hayo. Uzi huu ni wa alichonijibu.

Nimepanda bodaboda natiririka hivyo hivyo, dereva kanitoza nauli ya watu wawili. Nimefika kibandani. Jamaa kalishika koti, kakamua mkono mmoja, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu, siyo vyake. Kaniangalia kwa huruma. KWA HURUMA. Mbele ya mama lishe, mbele ya wateja, mbele ya mtoto anayeuza maji ya kunywa, kasema:

"Bosi wangu wa damu, hilo ni la barafu. Wewe umelitia kwenye maji."

Wakuu. La barafu. Mimi nimelitia kwenye maji. Barafu imetengenezwa na nini, unga wa muhogo?

Kamongo_Mkavu
Chai imenitokea puani. "Wewe umelitia kwenye maji" 😂😂 Huyo jamaa apewe ubunge.

Sato_Bila_Ugali
Weka picha ya koti mkuu. Bila picha uzi huu ni hadithi ya sungura.

Mama_Mwaloni
Mimi nilikuwepo, ni mmoja wa waliomvuta. Koti lilikunywa kweli, hilo simnyimi. Ila maji yalikuwa ya kiuno, siyo ya kifua. Na kaita mama yake mara nyingi sana. Angesimama tu yangeisha.

Boti_Bila_Breki
Dada wabeja kwa msaada wako, lakini kimo cha maji hakihusiani na uzi. Mtu kaniangalia machoni kaniambia nimelitia koti la kuelea kwenye MAJI. Ulitaka nilieleshe kwenye mchanga?

Bodaboda_wa_Pasiansi
Nauli ya watu wawili ni halali. Kiti changu mpaka sasa kiko juani.

Boti_Bila_Breki
Kumbe ni wewe!!

Msukuma_wa_Oulu
Niko Ufini mwaka wa nane sasa, naomba nichangie. Uvuvi huo upo. Ziwa likiganda vizuri, ushauri wa kawaida ni barafu ngumu ya sentimita 10 kabla mtu hajaikanyaga, watu wanatoboa kwa keekee kubwa, wanakaa kwenye kigoda na kijiti kifupi cha uvuvi. Shingoni wananing'iniza vishikio viwili vyenye misumari. Ukizama unavichoma kwenye barafu unajivuta, maana barafu imelowa, huwezi kuishika kwa vidole. Na huna muda: maji yako karibu nyuzi 0, dakika ya kwanza unapigana na pumzi tu, kama dakika kumi hivi viungo vinakutii, baada ya hapo hata zipu ya koti lako mwenyewe huiwezi.

Sasa makoti yapo ya namna mbili. Yapo ya joto tu, na yapo ya joto na kuelea. Kwa nje yanafanana, rangi ile ile, mifuko ile ile, samaki yule yule kwenye lebo. La kuelea ukilibonyeza kifuani na mgongoni unakuta foamu ngumu kidogo, ile ambayo vijumba vyake vya hewa vimefungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo hainywi. Ukiiachia inarudi. La joto tu limejazwa nyuzi laini, ukilibonyeza vidole vinakutana. Linaelea kidogo mwanzoni kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani, hewa ikitoka basi.

Kwa maelezo yako, ulilouziwa ni koti halali la uvuvi wa barafu. Ila si la kuelea.

Kamongo_Mkavu
KWA HIYO JAMAA HAKUDANGANYA 😂😂😂 Ni la barafu! Na amelitia kwenye maji!

Sato_Bila_Ugali
Kesi imefungwa. Mlalamikaji alipe gharama.

Boti_Bila_Breki
Imefungwa na nani? Alisema "mwenye hili haendi chini". Nimeenda chini! Na wewe wa Oulu, nani kakuita? Mtu analia hapa unamletea somo.

Mama_Mwaloni
Hukwenda chini baba. Yalikuwa ya kiuno.

Teacher_Kayenze
Nyongeza ndogo kwa faida ya wote. Maji yaliyoingia ndani ya koti hayakuvuti chini ukiwa bado majini, maana ni maji ndani ya maji. Kinachokuponza ni hewa iliyotoka, na kwamba huwezi kurusha mikono ukaogelea. Uzito wenyewe unakukuta pale unapotaka kupanda mtumbwini. Ndiyo maana mtu anashika ukingo, anashindwa kujiinua, wenzake wanadhani anafanya utani.

Kamongo_Mkavu
Mwalimu kafika. Ukaguzi wa madaftari lini?

Mzee_Sufi
Vijana mnacheka. Sisi tuliokuwa Mwanza tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, na tukaishi tukaona tena kivuko cha MV Nyerere kinapinduka pale Ukara tarehe 20 Septemba 2018, tena karibu kabisa na gati, hatuchezi na habari za kuelea. Zamani jaketi okozi lilikuwa linajazwa sufi, hii hii ya msufi unayolalia. Nyuzi zake zina nta, maji hayaziingii kirahisi. Ila mtu akilikalia kila siku kama mto, sufi inabonyea, kazi imekwisha. Na wavuvi walikuwa wanayakalia.

Sato_Bila_Ugali
Shikamoo mzee. Tumekusikia.

Kamongo_Mkavu
Marahaba kwa niaba. Mzee, koti la jamaa tukilijaza sufi litafaa barafu au maji?

Msukuma_wa_Oulu
Mzee kasema la maana. Niongeze moja nitoke: hata koti la kuelea la kweli si jaketi okozi. Mengi yako daraja la nyutoni 50, yaani kukunyanyua kama kilo 5, linakusaidia ukiwa na akili zako na pwani iko karibu. Ukizimia halikugeuzi uso ukaangalia juu. Kazi hiyo ni ya jaketi la 150. Kwa ninyi wa dagaa, Ziwa Nyanza, yaani Victoria, maji yake ni kama nyuzi 25, baridi yenu ni ya upepo na nguo mbichi, siyo ya maji. Vaeni sweta la sufu, juu koti jepesi la mvua, juu kabisa jaketi okozi lililofungwa mikanda yote. Koti zito linakuwa chini ya jaketi tu kama mikanda inafika.

Dumu_La_Ishirini
Mie nina dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kamba kiunoni. Linaninyanyua kilo 20 nzima, silidai lebo wala ndoano. Ninyi endeleeni na Ufini.

Boti_Bila_Breki
Hakuna hata mmoja anayejadili kauli! Kauli! Kakamua mkono, kamwaga maji kwenye viatu vyangu, kaniita bosi wake wa damu, halafu "wewe umelitia kwenye maji". Mama lishe akacheka mpaka mwiko ukaanguka kwenye maharage. Nimeomba hela yangu, kanijibu atanipa punguzo nikinunua na suruali yake.

Kamongo_Mkavu
Suruali yake ni ya mvuke?

Binti_wa_Igombe
Wewe una bahati umeuziwa koti. Kaka yangu kauziwa "boya jipya", rangi ya machungwa, mikanda inang'aa, kushonwa vizuri. Panya akalitoboa, tukaona ndani: sponji la godoro. Vipande vipande, na kimoja bado kina kitambaa cha maua ya godoro lenyewe. Sponji! Si bora koti la barafu?

Mkia_wa_Sangara
Dada hayo maboya ya sponji matajiri wa boti ndio wateja wakubwa. Wananunua ya kuonyesha siku ya ukaguzi. Ukaguzi ukipita yanarudi stoo, ninyi mnapewa pole na sigara. Boti ina watu sita, maboya manne, na moja kalalia mbwa wa tajiri.

Tajiri_Mdogo_Kome
Usijumlishe wote. Mimi nimenunua ya uhakika, vijana wameyauza. Nimeyakuta Nansio mtu anafungia mzigo wa matikiti. Nilie na nani?

Mkia_wa_Sangara
Lia na mgao unaotupa. Ukitulipa sawasawa nani atauza boya?

Tajiri_Mdogo_Kome
Mgao? Dagaa wenyewe mnauza wengine mkiwa bado majini, mnafika na hadithi za mbalamwezi. Mbalamwezi gani mwezi mwandamo?

Taa_Imezima
Mbalamwezi tuache. Mimi nataka tuongelee hawa wa betri za sola. Umeambiwa inawaka mpaka alfajiri, saa sita usiku taa inakuwa nyekundu, dagaa wanaondoka wanakucheka. Ukirudisha unaambiwa "uliichaji kwa jua la jioni". Jua la jioni si jua?

Dumu_La_Ishirini
Turudi karabai.

Taa_Imezima
Karabai kwa bei ya mafuta ya taa ya leo? Wewe na dumu lako nyamaza.

Boti_Bila_Breki
Samahani, uzi wangu unahusu koti.

Teacher_Kayenze
Mwanzisha uzi, kwa kuwa ulikaa kwenye maji ya mwaloni muda wote huo, hospitali ukaulizie kichocho. Prazikwanteli ipo.

Mama_Mwaloni
Na akamalize kulipa chapati. Alipovuliwa kala mbili akasema anaenda kurudishiwa hela.

Baridi_Makete
Habari za huko Mwanza. Hilo koti bado unalo? Huku Julai asubuhi nyasi zimeganda nyeupe, mzee wangu anatoka kufungulia ng'ombe kajifunika blanketi. Kuelea hatuhitaji. Likikauka unaliachia kwa ngapi?

Kamongo_Mkavu
Barafu imejileta yenyewe 😂 Jamaa ni nabii.

Boti_Bila_Breki
90,000. Usafiri juu yako.

Baridi_Makete
Si umelinunua 85,000? Nimesoma uzi wako.

Boti_Bila_Breki
Hiyo 5,000 ni bodaboda. Tena imekuja na ndoano.

Baridi_Makete
50,000, na ndoano baki nayo. Litume kwa basi mpaka Mbeya, nitampanga mtu.

Binti_wa_Igombe
Kwa basi? Kaka, usithubutu. Mimi nilituma sangara wa kukaushwa mpaka Mbeya, kifurushi kimefika kimeandikwa jina langu, ndani nimekuta viatu vya mtu vya mguu mmoja.

Mkia_wa_Sangara
Mguu upi? Mie nilipokea wa kushoto.