Shahada ya kemia na viwanda vya dawa: wanaajiri kweli au ni kibarua tu?

Mkemia_Mbichi
Wakuu, salaam. Shahada ya kemia ninayo, cheti cha wiki mbili cha HPLC (mashine ya maabara ya kutenganisha na kupima kemikali) ninacho, uzoefu sina. Natafuta nafasi ya udhibiti ubora kwenye viwanda vya dawa, Dar au Pwani. Kila tangazo linataka "GMP miaka 2 hadi 3", yaani uzoefu wa kanuni za utengenezaji bora wa dawa. Kilichopatikana ni kibarua cha kufungasha, malipo ya siku. Nikubali? Na wakikuita usaili wa maabara, wanapima nini hasa? Halafu mbona tangazo moja linakaa miezi na miezi wakati uzalishaji unaendelea? Nawasilisha.

Kapsuli_Tupu
Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloeleza mengine. Kiwanda cha dawa hakikuchukui Jumatatu ukapima Jumanne. Kwanza unapimwa afya. Unasoma SOP (taratibu za kazi zilizoandikwa) na kuzisaini moja moja, sahihi yako inaingizwa kwenye daftari la sahihi, kisha unapewa sampuli ambayo mchambuzi mzoefu ameshaipima, majibu yenu yanalinganishwa. Mpaka hapo mshahara unaenda na jina lako haliwezi kukaa kwenye ripoti hata moja. Ndiyo maana wanang'ang'ania mwenye GMP: hawanunui ujuzi tu, wanakwepa hizo wiki.

Sasa angalia wanaongeza watu lini. Laini mpya ya uzalishaji inaposimikwa. Zabuni ya MSD, Bohari ya Dawa ya serikali, inapopatikana. Na baada ya ukaguzi wa TMDA, mamlaka inayosimamia dawa: mkaguzi akiandika kwamba wachambuzi hawatoshi, kiwanda kinatakiwa kijibu kwa mpango wenye tarehe, na hapo tangazo lililolala miezi linaamka ghafla. Kwa hiyo barua isiishie kwa ofisa utumishi. Andika na nakala kwa mkuu wa udhibiti ubora, yeye ndiye mwenye njaa ya watu.

Upande wa pili ujue pia: malighafi nyingi zinatoka India na China. Mzigo ukichelewa, mashine zinasimama, na mkataba mfupi unaoisha wakati huo hauhuishwi.

ShiftiYaUsiku
Kibarua kubali, ila usiende kufunga maboksi tu. Kufungasha ndiko makosa yanakotoroka kwenda sokoni, na ukikaa macho utajifunza kitu ambacho darasani hakipo.

Chukua hesabu ya vipeperushi, zile karatasi za maelezo ndani ya boksi la dawa. Stoo imetoa 10,000. Zamu inaisha: 9,870 vimeingia kwenye maboksi, 90 vimeharibika, 25 vimerudishwa. Jumla 9,985. Vimepotea 15. Mvivu anaandika "vilivyoharibika 105" na hesabu inakaa sawa. Anayejua kazi anamwita msimamizi, wanapekua chini ya mkanda, ndani ya mashine, kwenye mifuko ya taka, kisha tofauti inaandikwa kama ilivyo. Sababu ni kwamba kipeperushi au lebo iliyobaki kwenye laini itaingia kwenye dawa inayofuata, na lebo ya miligramu 250 juu ya chupa ya 500 ni toleo zima (dawa zote zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja) kurudishwa kutoka sokoni. Ndiyo maana kabla ya toleo jipya laini inakaguliwa mpaka iwe tupu, na mtu wa pili anasaini.

Siku ya kwanza watakupa mafunzo ya GMP, hata ya saa mbili. Omba nakala ya rekodi hiyo. Karatasi hiyo ina uzito kuliko semina nyingi zinazouzwa WhatsApp.

Bi_Maabara
Nakubali nusu. Ukizidisha miezi mitatu bila kuomba uhamisho wa ndani, unakuwa "yule wa kufungasha" na maabara wanamchukua wa nje. Omba mapema, kwa maandishi.

Usaili: usitegemee maswali ya kemia ya darasani. Mara nyingi unapewa rekodi ya toleo iliyojazwa vibaya uitafute makosa. Namba imefutwa kwa Tipp-Ex. Tarehe ya kupima inatangulia tarehe ya kupokea sampuli. Aliyefanya na aliyehakiki ni sahihi moja. Kosa husahihishwa kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani isomeke, kisha sahihi, tarehe na sababu.

Hesabu ndogo nayo ipo. Vidonge 20, wastani wa uzito miligramu 580. Kwa British Pharmacopoeia, kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza, kidonge chenye uzito wa wastani wa miligramu 250 au zaidi kinaruhusiwa asilimia 5 juu na chini, yaani 551 hadi 609. Viwili tu vinaweza kutoka nje ya hapo, na hakuna hata kimoja kinachovuka 522 hadi 638.

Swali linaloangusha wengi ni hili: "Jibu limetoka nje ya kiwango, unafanya nini?" Ukisema "narudia" umeshaondoka. Hurudii, humwagi kitu. Chupa, vimiminika na sampuli vinabaki mezani, unamwambia msimamizi, mnatafuta kosa la maabara kwanza: uzito, hesabu, muda wa stendadi (kemikali ya kulinganishia), safu ya HPLC (bomba linalotenganisha kemikali). Kurudia rudia mpaka jibu zuri litoke ndiyo dhambi ambayo mkaguzi anaitafuta.

Zamu12
Nyongeza ya mkataba, maana vijana husaini wamefumba macho. Kama wewe ni mtaalamu na mkataba ni wa muda maalumu, kanuni za kazi za 2017 zinataka usipungue miezi 12. Ukipewa wa miezi mitatu unaojirudia, uliza. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini si zaidi ya siku 5 kwa wiki, na saa za kawaida zinabaki 45. Zaidi ya hapo ni mara moja na nusu. Usiku, kuanzia saa 2 hadi saa 12 asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Na anayeomba hela ya "sare na vipimo" kabla ya usaili ni tapeli, usibishane naye.

Mkemia_Mbichi
Shukrani wakuu. Swali moja la mwisho: kwenye CV niandike nini kuhusu HPLC wakati nimeigusa wiki mbili tu?

Bi_Maabara
Andika ulichokigusa. "Najua HPLC" haisemi kitu. Andika: paracetamol, safu ya C18, kigunduzi cha UV, nimechuja kimiminika kwa mikroni 0.45 na kukiondoa hewa, nimedunga stendadi mara 5 na RSD (kipimo cha majibu kutofautiana) haikuzidi asilimia 2, wakati wa mafunzo. Kama hujawahi kubadilisha safu, usiandike umebadilisha. Swali la kwanza litakuwa unaisafishaje safu ili bafa (kimiminika chenye chumvi) isiache chumvi ndani. Jibu lake ni maji kwanza, yenye kiasi kidogo cha methanoli, kabla ya methanoli kali. Ukianza na kali moja kwa moja, chumvi inaganda na presha inapanda.

Na jiulizie Baraza la Wakemia kuhusu usajili sasa hivi, usisubiri barua ya ajira.