Naombeni ushauri: vilele vinne siku moja, hali ya hewa haieleweki

Kijiti (mleta mada)
Wakuu, Jumamosi tunapita safu yenye vilele vinne, kwenda na kurudi. Jumla ni kilomita 22, na ukijumlisha kupanda kote ni kama mita 1,700. Utabiri unasema asubuhi kweupe, mchana mawingu, baadaye mvua na huenda radi. Tunahesabu masaa sita tuwe tumemaliza. Swali langu ni koti la mvua: zito au jepesi? Na viatu, virefu au vya kawaida?

Mama Tausi
Virefu vinavyoshika kifundo, na visiwe vipya siku hiyo. Mimi vipya vilinichubua visigino hata kilele cha kwanza sijakiona, nikashuka na soksi tupu. Na kucha ukate mapema, wakati wa kushuka ndizo zinazoumia.

Mzee wa Dira
Masaa sita umeyapataje? Kuna kanuni ya Mskochi Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwako inakuja masaa saba na robo, na hapo hamjakaa chini, hamjafungua ramani. Mko wangapi, na mwenye mwendo wa chini kabisa ni nani?

Kijiti
Tuko watano. Wanne tuko vizuri. Mmoja mzito kidogo, ila tumeshapanga: atatusubiri pale panapobonyea kati ya kilele cha pili na cha tatu. Sisi tunamaliza viwili vya mwisho, tunampitia tukirudi.

Komredi
Mtu anabaki mlimani peke yake, na wewe unauliza koti?

Kijiti
Habaki hivihivi mkuu. Atakuwa na blanketi, maji na filimbi. Amekubali mwenyewe na wote nimeshawaambia. Ni masaa mawili tu.

Mzee wa Dira
Anayetembea anatengeneza joto, anayekaa analipoteza. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi kama 6, na hapo panapobonyea ndipo upepo unapobanwa ukapita kwa kasi. Wingu likitua hamtamwona hata akiwa hatua 20 mbele yenu. Akiona mmechelewa atainuka kuwatafuta, na hapo mtakuwa mnatafutana. Ni nani huyo?

Kijiti
Ni mzee wangu. Baba. Ana miaka 63, lakini anatembea kila siku.

Mama Tausi
Baba mzazi! Mwanangu, huyo aliyekubeba mgongoni ndiye wa kuachiwa filimbi? Marehemu baba yangu nilikuwa namshika mkono hata kwenye ngazi tatu, na alikuwa ananigombeza.

Kiduku
Hii chai. Vilele vinne, radi, mzee kaachwa na blanketi. Hadithi inanoga kila ukiulizwa. Mleta mada anatafuta wachangiaji tu.

Njia Panda
Hata mimi nilishtuka. Mtu mwenye ramani hawezi kusema masaa sita. Tuwekee picha ya ramani hapa.

Komredi
Iwe chai au isiwe, kuna atakayesoma akafanya kweli. Jibuni.

Kijiti
Siyo chai. Majuzi tulifanya mazoezi kwenye kilima, manyunyu na upepo. Kamba ya kiatu ikamfunguka. Akainama kuifunga, kitanzi kikamponyoka. Akaanza upya, kikaponyoka tena. Mwisho akaichomeka ndani ya soksi, akasema twende. Umri tu, nafikiri. Fulana ya pamba ilikuwa imelowa chapachapa na hakutetemeka hata kidogo, ndiyo maana nasema baridi anaiweza.

Mzee wa Dira
Hapana, Kijiti. Vidole vikikataa kazi ndogo, baridi imeshamwingia. Na kutotetemeka kusikutulize: wenye umri mkubwa wengi hutetemeka kidogo kuliko vijana, na mwili uliopoa sana huacha kabisa. Alikuwa anaongea kama kawaida?

Kijiti
Hakuongea sana. Tulipofika chini aliniuliza mara mbili gari tumeliacha wapi.

Kiduku
Nafuta niliyosema.

Mzee wa Dira
Basi nendeni wote watano hadi kilele cha pili, mgeuke wote watano. Pamba abaki nayo nyumbani, avae sufu au nguo inayokauka haraka, na koti lisilopitisha upepo. Filimbi kila mmoja na yake, kuomba msaada ni hivi: mipulizo sita ndani ya dakika, unatulia dakika moja, unarudia. Kati ya umeme na ngurumo zikiwa chini ya sekunde 30, ondokeni juu ya safu, msisubiri mvua ianze.

Kijiti
Nimekuelewa. Lakini ukisimama cha pili, cha tatu unakiona pale mbele, nusu saa tu. Na hao wengine watatu wameomba ruhusa kazini.

Komredi
Mzee mwenyewe umemwambia kuhusu ile kamba ya kiatu?

Kijiti
Bado. Nampigia sasa hivi.